Mwongozo kwa Wanaojitolea Kuwachezesha Watoto wa Kambini Nje ya Nchi

1. Mwongozo huu unamhusu nani

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wanasarakasi, wachekeshaji, wacheza vikaragosi, walimu wa michezo na wafanyakazi wa kada nyingine wanaotumia sehemu ya likizo yao kuvuka mpaka ili kuwaburudisha na kuwachezesha watoto wanaoishi katika kambi za wakimbizi. Anaweza kuwa kijana aliyehitimu TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, anayekwenda Kakuma, Kenya. Mwalimu wa Nairobi anayekwenda Nakivale, Uganda. Au Mkongo anayeishi Ulaya anayeongoza kikundi cha marafiki kwenda Nyarugusu, Kigoma. Unawahusu pia wenyeji wao: walimu, maafisa ustawi wa jamii na wahamasishaji wa michezo wanaowapokea wageni hao na ambao mara nyingi huachiwa kazi ya kurekebisha yaliyoharibika.

Kanuni moja inatawala nyingine zote humu. Mgeni huondoka, watoto na walezi wao hubaki. Kila uamuzi, kuanzia ratiba hadi aina ya mpira utakaonunuliwa, upimwe kwa swali hili: gari letu likishaondoka, watoto watacheza nini kesho, na nani atawachezesha?

2. Msingi wa kazi hii

Kucheza ni haki ya mtoto kisheria. Ibara ya 31 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto, uliopitishwa tarehe 20 Novemba 1989, inamtambulia mtoto haki ya kupumzika, kucheza na kushiriki sanaa na utamaduni. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 unarudia jambo hilo katika ibara yake ya 12. Mwaka 2024 Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 11 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Kucheza. Kwa hiyo anayepeleka mchezo kambini asijione anagawa sadaka. Anasaidia kutimiza deni ambalo mtoto tayari anadai.

Mifano miwili inaonyesha kazi hii ilivyokua. Mwaka 1993, mchekeshaji wa Barcelona, Jaume Mateu, anayejulikana jukwaani kwa jina la Tortell Poltrona, alikwenda kuonyesha katika kambi ya wakimbizi huko Istria, Kroatia, wakati wa vita vya Yugoslavia. Safari ile ilitokana na mawasiliano kati ya wanafunzi wa Barcelona na watoto wa kambini, na ndiyo iliyozaa mtandao unaoitwa leo Clowns Without Borders. Mwaka huohuo, mwanamichezo wa Norway, Johann Olav Koss, aliitembelea Eritrea. Baada ya kutwaa medali tatu za dhahabu katika Olimpiki ya Lillehammer mwaka 1994 alirudi Eritrea na shehena ya vifaa vya michezo, na juhudi hizo ndizo zilizokuja kuwa shirika la Right To Play.

Wote wawili walianza kama wageni waliokuja na mizigo yao. Hawakuishia hapo. Right To Play iligeukia kuwafundisha walimu na makocha wa palepale. Tawi la Afrika Kusini la Clowns Without Borders, lililoanzishwa mwaka 2004, liliingia katika mafunzo ya malezi kwa wazazi, na kazi hiyo ikafika hadi Tanzania. Kikundi kidogo cha kujitolea hakina sababu ya kupita tena njia ndefu ambayo wengine wameshaipita.

3. Kabla ya safari

(a) Mwaliko. Usiende kambini kwa sababu tu una nafasi na nauli. Tafuta shirika, shule au kamati ya wakimbizi inayohusika na watoto, waeleze unachoweza kufanya, kisha usubiri wakuambie wanahitaji nini na lini. Wakisema kwamba wanahitaji mafunzo ya siku tatu kwa wahamasishaji wao kuliko maonyesho sita, hilo ndilo jibu.

(b) Vibali. Kambi si uwanja wa wazi. Tanzania, kuingia kambini kunahitaji kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Kenya, ni Idara ya Huduma za Wakimbizi. Uganda, makazi ya wakimbizi yako chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Msanii mgeni anayetaka kuonyesha Tanzania aulize mapema pia taratibu za Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Viza ya mtalii isitumike kuficha kazi. Kikundi kikikamatwa, atakayebaki kujieleza ni mwenyeji aliyekialika.

(c) Ruhusa ya kazini. Sheria ya Tanzania inampa mwajiriwa likizo ya mwaka ya siku 28 mfululizo. Ya Kenya, siku 21 za kazi. Ukitoa siku za barabarani, za kusubiri vibali na za kupumzika, anayechukua wiki mbili hupata siku sita au saba za kazi halisi. Panga kwa siku hizo, usiwaahidi watoto zaidi. Mtumishi wa umma apate ruhusa ya mwajiri kwa maandishi kabla ya kukata tiketi.

(d) Afya. Kila mmoja awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, dawa na chandarua dhidi ya malaria, na bima inayogharimia matibabu na usafiri wa dharura. Kabla ya kuondoka, uliza kama kuna mlipuko wa ugonjwa. Mwaka 2015 kipindupindu kiliwakumba wakimbizi wa Burundi waliokuwa wamejazana Kagunga, kijiji kilicho ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Katika hali kama ile, kuwakusanya watoto mia tano mahali pamoja ni kuwahatarisha. Mwenyeji akisema “ahirisheni”, mwahirishe.

(e) Uchunguzi wa wanakikundi. Kila atakayekaribia watoto alete cheti cha polisi cha tabia njema na wadhamini wawili waliowahi kufanya kazi naye. Asiruhusiwe mtu kuingia dakika za mwisho kwa sababu tu kuna kiti kitupu kwenye gari.

(f) Bajeti. Gharama za kikundi zilipwe na kikundi. Tengeni fungu la mkalimani, wahamasishaji na walinzi wa uwanja. Katika kambi nyingi wakimbizi wanaofanya kazi za mashirika hulipwa posho ndogo kwa viwango vilivyokubaliwa. Fuateni viwango hivyo. Mkilipa mara tatu, mtakapoondoka mtakuwa mmeacha ugomvi.

4. Kuandaa onyesho

Watazamaji wenu hawafanani. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, wengi wao wakitoka Kivu Kusini, na tangu mwaka 2015 ikapokea Warundi pia. Humo utasikia Kibembe, Kirundi na Kiswahili cha Kongo. Kakuma, iliyoanza mwaka 1992, ina watu wa mataifa mengi, na jirani yake wapo Waturkana. Kwa hiyo vichekesho vya mwili, vya ukimya, vya vitu kuanguka na kupotea, vinafika mbali kuliko maneno. Maneno yakihitajika, atafutwe mkalimani wa palepale, aje mazoezini na awe sehemu ya onyesho. Wala msikifanyie mzaha Kiswahili cha Kivu ati kwa kuwa si cha Dar es Salaam wala cha Mombasa. Ndicho mtoto huyo anachozungumza na mama yake.

Onyesho la dakika 40 linatosha. Lipitieni tukio kwa tukio mkiwa na mtu anayewajua watoto hao, na muondoe yafuatayo:

– Milipuko ya aina yoyote: fataki, baluni zinazopasuliwa, ngoma inayopigwa ghafla nyuma ya watu. Mtoto aliyekimbia risasi hatasubiri kujua kama ni mchezo.

– Bunduki za bandia, sare zinazofanana na za askari, na vichekesho vya mtu kukamatwa, kufungwa au kupigwa.

– Vinyago na rangi nzito zinazoufunika uso wote mbele ya watoto wadogo. Pua nyekundu na kofia kubwa vinatosha. Ni vizuri msanii avivae huku watoto wakimwona, ili wajue ndani yake yumo mtu.

– Utani unaomdhalilisha mtoto, kabila, dini, ulemavu au umaskini. Mkitaka mtu wa kuchekwa, achekwe msanii mwenyewe, au mzee maarufu wa kambini aliyekubali kabla.

Mavazi nayo yana uzito. Nguo za kubana za sarakasi zinazopokelewa vizuri katika ukumbi wa Nairobi zinaweza kuwaudhi wazazi wa kambi za Dadaab, Kenya, ambako wengi ni Waislamu kutoka Somalia. Vaeni suruali pana na fulana za mikono mirefu. Mwezi wa Ramadhani, ulizeni saa inayofaa. Sanaa za wenyeji pia zina miiko yake: ngoma za kifalme za Burundi, zilizoorodheshwa na UNESCO mwaka 2014, zina taratibu za nani anapiga na wakati gani. Mwulizeni kiongozi wa ngoma kabla ya kumpa mtu yeyote mirisho, yaani vijiti vya kupigia ngoma hizo.

5. Siku ya onyesho

Ratiba ya kambi iheshimiwe. Msionyeshe siku ya mgao wa chakula, wala saa ya kuchota maji, wala saa ya masomo bila ridhaa ya mwalimu mkuu. Mkipuuza hayo, wasichana ndio watakaokosa kwanza, kwa kuwa ndoo na wadogo zao viko mikononi mwao.

Fikeni saa mbili kabla. Okoteni vipande vya chupa na misumari. Tandazeni kamba chini kuonyesha mwisho wa jukwaa, na jueni mtoto atatokea wapi akihitaji kutoka. Jua liwe machoni mwa wasanii, watoto walipe mgongo. Wadogo wakae mbele, wakubwa nyuma yao, watu wazima pembeni. Watoto wenye ulemavu watengewe nafasi mbele kabla uwanja haujajaa, pamoja na wanaowasaidia. Maji ya kunywa yawepo, na vyoo vijulikane viko wapi.

Mtu mmoja wa kikundi asicheze kabisa. Kazi yake ni kuangalia umati, na amri yake ya kusimamisha onyesho itiiwe papo hapo. Watu wakianza kusukumana, muziki uzimwe, wasanii wakae chini, na kiongozi wa palepale azungumze. Msiwafokee watoto kwa vipaza sauti, wala fimbo isishikwe na mtu yeyote kwa jina la kutuliza fujo. Mkutano wa asubuhi na walinzi wa uwanja uliseme hili waziwazi.

6. Baada ya onyesho: zamu ya watoto

Onyesho huwafanya watoto kuwa watazamaji. Haki iliyotajwa katika ibara ya 31 ni ya kucheza, kwa hiyo muda unaofuata ndio wenye thamani kubwa zaidi. Utengewe angalau muda uleule wa onyesho.

Wagawanyeni watoto katika makundi ya watoto wasiozidi 25, kila moja likiwa na watu wazima wawili, mmoja wao mwenyeji. Anzeni na michezo wanayoijua. Rede, kombolela, mdako, kuruka kamba na bao havihitaji mzigo wa ndege. Wasichana wa Kongo wengi wanaijua nzango, mchezo wa kuruka, kupiga makofi na kurusha mguu. Mgeni akubali kufundishwa na kushindwa. Mtoto anayemfundisha mtu mzima mchezo wake anapata kitu ambacho sarakasi nzuri kuliko zote haiwezi kumpa: kwa robo saa, yeye ndiye mwenye kujua.

Baada ya hapo ongezeni michezo michache mipya, mitatu au minne, inayochezwa kwa vitu vinavyopatikana hapo: mpira wa matambara, vizibo, kamba za katani, vikaragosi vya soksi kuukuu. Msifundishe mchezo unaotegemea kifaa mtakachoondoka nacho. Ushindani uwe mdogo, na mchezo wa kumtoa aliyeshindwa ubadilishwe ili anayetoka apate kazi nyingine. Mtoto ambaye maisha yameshamtoa mara nyingi asitolewe tena na sisi.

Asilazimishwe mtoto kucheza. Anayekaa pembeni akitazama naye anashiriki kwa namna yake.

7. Ulinzi wa mtoto

Mwaka 2002, uchunguzi wa UNHCR na Save the Children uliripoti kwamba baadhi ya wafanyakazi wa misaada waliwatumia watoto wakimbizi kingono nchini Guinea, Liberia na Sierra Leone. Mwaka uliofuata Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alitoa agizo linalowakataza wafanyakazi wa Umoja huo uhusiano wowote wa kingono na mtu aliye chini ya miaka 18, na kusema wazi kwamba kudhani ni mkubwa si utetezi. Agizo hilo linawabana pia wanaofanya kazi na Umoja wa Mataifa kwa ushirikiano. Kila mwanakikundi atie sahihi kanuni zifuatazo kabla ya safari:

(i) Hakuna mtu mzima kukaa peke yake na mtoto mahali wasipoonekana.

(ii) Hakuna kumpakata, kumbusu au kumbeba mtoto kwa kutaka wewe. Akikushika mkono mwenyewe, mshike mbele ya watu.

(iii) Hakuna kutoa namba ya simu, kuomba urafiki mtandaoni au kumtumia mtoto pesa, hata mkisharudi.

(iv) Hakuna kumpeleka mtoto hotelini, kwenye gari la kikundi au nje ya kambi.

(v) Anayeona au kusikia dalili ya unyanyasaji huripoti siku hiyohiyo kwa mhusika wa ulinzi wa mtoto aliyetajwa kabla. Asichunguze mwenyewe. Asimuahidi mtoto kuwa ataficha siri.

Jina la mhusika huyo na namna ya kumpata liandikwe kwenye kadi, kila mmoja awe nayo mfukoni.

8. Mtoto anapofadhaika

Kicheko hufungua kifua, na kilichokuwa kimezuiliwa huweza kutoka. Mtoto anaweza kulia ghafla, kuganda, kukimbia au kupiga wenzake. Kikundi cha burudani si kikundi cha tiba, na kisijifanye hivyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 kuhusu huduma ya kwanza ya kisaikolojia unafundisha hatua tatu: kuangalia, kusikiliza na kuunganisha. Msogeze mtoto pembeni akiwa na mtu anayemjua, kaa chini usawa wa macho yake, sema kwa sauti ya kawaida, mpe maji, na usimuulize yaliyompata njiani. Akisema, sikiliza. Kisha mkabidhi kwa mhudumu wa palepale anayeweza kuonana naye tena wiki ijayo.

Michezo ya kuigiza “safari yetu” au kuchora “nyumba tuliyoiacha” imefanywa na wageni wengi kwa nia njema. Msiifanye. Kuifungua habari hiyo na kuondoka kesho yake ni kumwacha mtoto na kidonda wazi.

9. Picha na mitandao

Familia nyingi kambini zimekimbia watu wenye majina na simu. Picha yenye uso wa mtoto, jina lake na mahali alipo inaweza kumfikia anayeitafuta familia hiyo. Kwa sababu hiyo, wanakikundi wasipige picha kwa simu zao. Mpiga picha awe mmoja, aliyekubaliwa na mwenyeji. Ridhaa ya mzazi na ya mtoto mwenyewe ipatikane kwa lugha wanayoielewa, na kukataa kusimnyime mtoto nafasi ya kucheza. Picha za kuchapishwa zisiwe na majina wala alama za mahali, na zichapishwe baada ya kikundi kuondoka. Mtoto aonyeshwe akifanya jambo kwa ustadi. Picha za machozi na nguo zilizochanika, zinazotafutwa kwa ajili ya kuombea fedha, zisipigwe kabisa.

10. Zawadi na vifaa

Pipi zisirushwe kutoka kwenye gari wala jukwaani. Wakubwa watazipata, wadogo watakanyagwa. Zawadi ya mtoto mmoja mmoja huzua kisasi mkishaondoka. Vifaa vikabidhiwe kituo, shule au eneo rafiki kwa watoto, mbele ya kamati, vikiwa kwenye orodha yenye sahihi. Nunueni katika mji wa karibu, kwa mfano Kasulu kwa Nyarugusu au Lodwar kwa Kakuma, ili kitakachochakaa kipatikane tena. Mpira uambatane na pampu na sindano zake.

11. Vituo vya watoto yatima

Vikundi vingi hualikwa pia kuonyesha katika vituo vya watoto yatima. Hapa tahadhari iongezwe. Wengi wa watoto wa vituo hivyo wana mzazi au ndugu aliye hai, na wageni wanaoleta michango wanaweza kuwa sababu ya mtoto kubakizwa kituoni. Kenya ilisimamisha usajili wa vituo vipya mwaka 2017, na mkakati wake wa 2022 hadi 2032 unalenga kuwarudisha watoto katika familia. Msikubali mwaliko kabla ya kumuuliza afisa ustawi wa jamii wa eneo kama kituo kimesajiliwa. Mahali ambapo watoto hupangwa mstari kuwaimbia wageni kila wiki, onyesho lenu litaongeza mzigo wao. Ni heri mwonyeshe katika shule ya kijiji, ambako watoto wa kituo na wa majumbani hukaa pamoja.

12. Kukabidhi kazi

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika kazi hii, mwenyeji hupona pale anapobaki na ujuzi. Angalau nusu ya siku zenu ziende kwa wahamasishaji, walimu na vijana wa kambini: wafundisheni, kisha wao waongoze nanyi muwe wasaidizi, na siku ya mwisho wafanye kila kitu wenyewe mkiwa mmekaa na watoto. Waachieni kitini kifupi chenye michoro ya michezo yote, katika lugha wanayoisoma.

Waageni watoto siku moja kabla, kwa ukweli. Msiseme “tutarudi” kama hamna tarehe na fedha ya kurudi. Baada ya miezi mitatu, mwulizeni mwenyeji mambo matatu: michezo ipi bado inachezwa, nani anaiongoza, na nini kilikwenda vibaya. Majibu hayo ndiyo ripoti ya safari. Idadi ya maonyesho na ya watoto waliohudhuria iwekwe kwenye kiambatisho.

Kikundi kisichoweza kutimiza masharti ya sehemu ya 3 na ya 7 kisisafiri. Kitume fedha yake ya nauli kwa wahamasishaji ambao tayari wako kambini, nao wawachezeshe watoto.